Uji wa Navin

Bombay, Agosti 1956

Kwako Mama Ndung'u, huko Nakuru,

Tulifika salama. Mvua ya huku hainyamazi, na maziwa ni maji tu, si kama ya Nakuru. Baba Navin ameajiriwa katika duka la vitambaa, yeye aliyekuwa na duka lake.

Koleji ya udaktari iliyotufanya tuhame imefunguliwa, lakini Navin wetu hakuiona. Homa ya matumbo ilimchukua.

Siku ya mwisho alinidhania mimi ni wewe, uliyemlea. Akasema kwa Kiswahili, "Yaya, nipe uji." Shangazi zake hawakuelewa. Nikapika wa mchele. Akaonja, akasema, "Si huu."

Nikamjibu kama ulivyozoea kumbembeleza: "Kunywa, baba. Kunywa kidogo tu."

Akanywa.

Ni mimi,
Mama Navin