Karatasi Tupu ya Abundio

Santa Rita Ocotal, milimani Puebla
20 Mei 1997

Abundio mjukuu wangu,

Habari za huko Monterrey? Sisi hapa hatujambo. Goti langu linalalamika kila asubuhi, nguruwe kazaa saba, mmoja kafa. Salamu zimekwisha, sasa nikugombeze.

Kwa nini habari zako nizipate kwa dereva wa basi? Don Chema alisimama mlangoni kwangu akavua kofia, na mtu yule hata kanisani kofia haivui. "Doña Basilisa, mjukuu wako kaanguka kwenye jengo." Basi, hajui zaidi. Hajui umeanguka kutoka wapi, umevunjika wapi, unapumua au hupumui. Nimekulea tangu una meno mawili, halafu unalala hospitali wiki mbili bila kunitumia hata mstari mmoja?

Anayeandika ni Hermelinda wa dukani, maana mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na kuni kichwani. Kuna neno nimekutukana hapo juu akakataa kuliandika, eti yeye ni mjane mwenye heshima zake. Jua tu kwamba lilikuwepo.

Niambie umevunjika nini, na nani analipa dawa. Usinidanganye. Nikifika huko kwa basi nikakuta umenidanganya, nitakuvunja upande uliobaki.

Ni mimi bibi yako,
Basilisa

*

Monterrey
2 Juni 1997

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na nguruwe sita wananyonya vizuri. Mimi sijambo kiasi. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa nasubiri nipate jambo jema la kukuandikia, nikakosa.

Nilianguka tarehe sita Mei, asubuhi, kutoka ghorofa ya pili. Mbao za jukwaa tulilosimamia zilikuwa zimefungwa kwa waya tu. Nyonga ya kulia imevunjika. Wameniwekea chuma cha muda. Daktari anasema lazima wanipasue tena kabla ya mwezi wa tisa kwisha, la sivyo mfupa utashikana ukiwa umepinda, na nitatembea kwa magongo mpaka nakufa. Nina miaka ishirini na saba, bibi. Fundi anayetembea kwa magongo anajenga nini?

Upasuaji huo ni ghali. Bima ya wafanyakazi inaulipa, na inamlipa mtu fidia yake, mradi tu ameumia kazini. Hapo ndipo penye tatizo. Kampuni inasema mimi si wao. Wanasema niliacha kazi tarehe tatu Mei, na siku ile nilikuja tu kuchukua vifaa vyangu nikapanda juu kwa kiherehere changu. Wana barua yangu ya kuacha kazi. Ina saini na dole gumba.

Bibi, saini ni yangu na dole ni langu. Siku tulipoajiriwa, tarehe kumi na tatu Januari, baba yangu wa ubatizo, Teófilo, alitupangia mezani karatasi nyeupe tupu, moja kwa kila fundi, tukiwa kumi na wanne. Unasaini chini kabisa, unaweka dole la kulia, unaenda kuchanganya zege. Huku kila jengo ndivyo lilivyo. Usiposaini, hupandi. Maneno wameyajaza wao baadaye kwa taipu.

Usimlaumu sana baba Teófilo. Yeye ni fundi mkuu tu, naye ana wakubwa wake.

Mjukuu wako,
Abundio

*

Santa Rita Ocotal
14 Juni 1997

Abundio,

Pole, mwanangu. Pole ya kwanza nimeisema kwa upole, Hermelinda ni shahidi. Haya.

Mimi sijui kusoma, ndiyo maana siweki dole popote mpaka nisomewe mara mbili, tena na watu wawili wasiopatana. Wewe unajua kusoma, ukaenda kuweka dole mahali ambapo hapana hata neno la kusoma! Nilikupeleka kwa walimu miaka sita kwa jasho la mgongo wangu ili ufanye hivyo?

Na huyo Teófilo nisimlaumu? Nilimpa akubebe siku ya ubatizo wako. Alikushika mbele ya padri akaapa kukutazama kama baba. Kumbe alikuwa anakutazama uipe karatasi nyeupe jina lako.

Sasa sikiliza. Tarehe tatu Mei! Si ndiyo Sikukuu ya Msalaba, siku yenu mafundi? Si ndiyo siku mnapandisha msalaba wa maua juu ya jengo, mwajiri anawapa nyama ya kondoo na bia mpaka jua linazama? Nani anaacha kazi siku ya kula nyama ya bure? Uliandika barua ukiwa na mfupa mdomoni? Watu hawa wametunga uongo bila hata kutazama kalenda.

Nenda ofisi ya kazi, wana mawakili wasiolipwa na mtu maskini. Shemeji yake Hermelinda alipata haki yake kwao baada ya kuungua kwenye kiwanda cha sukari. Huwezi kwenda? Waite waje kitandani. Na hiyo karatasi yenyewe nitumie nakala, niione.

Hermelinda anauliza nitaiona kwa macho gani. Macho haya haya.

Nakutumia tortilla kavu, mikate yetu ya mahindi, na majani ya kukanda. Ule.

Bibi yako,
Basilisa

*

Monterrey
29 Juni 1997

Bibi,

Shikamoo. Tortilla zimefika, nimezila zote, mgonjwa wa kitanda cha pili akanionea wivu. Natumaini wewe mzima.

Wakili amekuja. Ni mwanamke, anaitwa Quiroz, mfupi, anaongea haraka kama bunduki. Shauri litasikilizwa tarehe kumi na mbili Agosti. Alicheka sana nilipomsomea maneno yako ya mfupa mdomoni, lakini anasema kicheko si ushahidi. Mtu anaweza kusaini barua hata siku ya sikukuu. Mafundi wenzangu hawatasema kitu, kila mmoja ana karatasi yake tupu kabatini kwa kampuni. Akasema, "Abundio, bila kitu cha kushika mkononi, karatasi hii itatumaliza."

Jana amekuja baba Teófilo na mfuko wa machungwa. Aliyamenya yote, hakula hata moja. Kampuni itanipa mishahara ya miezi miwili nikikubali kwa maandishi kwamba sina dai lolote. Haitoshi upasuaji. Inatosha chumba na magongo. Alisema, "Mwanangu, chukua hiki kidogo, watu hawa hawashindwi." Hakunitazama usoni, bibi.

Nimechoka. Ijumaa tarehe kumi na nane Julai anarudi na karatasi, nami nitasaini. Nakala uliyoitaka hii hapa, ingawa sijui ya nini.

Mjukuu wako,
Abundio

*

Santa Rita Ocotal
8 Julai 1997

ABUNDIO, USISAINI.

Salamu baadaye. Hermelinda ameandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimempigia kelele. Barua hii anaileta Don Chema mwenyewe kwa mkono wake, ameapa kwa mama yake.

Nimeitazama karatasi yako siku tatu. Hermelinda akanisomea, nikamwambia nyamaza, maneno ni yao, mimi natazama kilicho chako. Mtoto, mimi nimeweka dole maisha yangu yote. Kwenye shamba, kwenye kitabu cha maji, kwenye cheti cha kufa cha babu yako. Wengine wanajua maandishi ya watu wao, mimi najua vidole.

Dole lile ni zima. Mistari yake imezunguka kama pete za kitunguu, hakuna hata moja iliyokatika.

Sasa tazama dole lako la kulia.

Si ulikatwa na mashine ya vigae mwezi wa tatu? Wewe wa mkono wa kushoto tangu tumboni, kushoto unashika mashine, kulia unashikilia kigae, ikakupitia katikati ya dole, ukashonwa nyuzi sita. Juma Kuu ulikuja hapa nikakukanda na majani, ukalia kama ndama. Tena wiki hiyo hiyo uliponijengea jiko, ulibonyeza dole lako hilo kwenye saruji mbichi, kama mfanyavyo mafundi. Nimeliendea jiko na taa ya mafuta. Lile dole lina mfereji kutoka juu mpaka chini.

Basi karatasi ya mwezi wa tano imepataje dole la kabla ya mwezi wa tatu? Kidole hakirudi ujana.

Mwambie huyo mwanamke bunduki aitafute karatasi ya nyuzi zako pale zahanati. Na aitazame barua yenyewe, si nakala.

Usisaini hata kama Teófilo atakumenyea shamba zima la machungwa.

Bibi yako

*

Santa Rita Ocotal
29 Julai 1997

Abundio,

Hujambo? Sijui hata kama nauliza mtu aliyepo.

Don Chema amerudi. Anasema kitandani kwako alikuta mzee mmoja mwenye ndevu. Alimwachia muuguzi barua yangu. Muuguzi gani? Hajui jina. Alivaa nguo nyeupe, anasema. Hospitali nzima imevaa nguo nyeupe!

Ijumaa yenu imepita. Dada yake Teófilo nimekutana naye kisimani, kanisalimia kwa furaha mno, sikuipenda.

Kama umesaini, niambie. Sitakugombeza. Nitagombeza ukuta. Njoo nyumbani na magongo yako, mlango nitaupanua.

Hermelinda kaandika barua hii bila kunisahihisha hata mara moja, kwa hiyo najua naye anaogopa.

Bibi yako,
Basilisa

*

Monterrey
14 Agosti 1997

Bibi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mimi ni mzima, na sikusaini.

Hospitali walinitoa tarehe kumi na mbili Julai, kwa kuwa kampuni ilisema bima hainihusu. Fundi mwenzangu akanilaza chumbani kwake. Muuguzi yule alinitafuta siku tano kwa miguu, akanikuta Alhamisi jioni. Asubuhi yake baba Teófilo angefika na karatasi. Mungu ambariki, sijamjua jina hata mimi. Wakili akanikataza kuandika neno nyumbani, maana habari za kisimani kwenu hufika kwa Teófilo kabla maji hayajafika jikoni. Nisamehe.

Juzi nilipelekwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye baraza la mashauri ya kazi. Kampuni ilileta wakili mwenye tai, na shahidi wao alikuwa baba Teófilo. Alivaa koti lile la kwenye picha ya ubatizo wangu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliniona nikisaini tarehe tatu Mei.

Wakili Quiroz hakumbishia. Aliomba wino, nikaweka dole kwenye karatasi mpya mbele ya wote. Akaziweka mbili pamoja, yangu na yao. Hata mpiga chapa wa baraza aliinuka kwenye kiti aone. Yule wa tai akasema labda nimejikata juzi. Hapo Quiroz akatoa karatasi ya zahanati, tarehe kumi na moja Machi, nyuzi sita, dole gumba la kulia, na chini yake muhuri wa kampuni yenyewe.

Akamgeukia baba Teófilo. "Don Teófilo, nani alimpeleka zahanati siku ile?"

Bibi, aliinua kichwa. Kisha akanitazama, mara ya kwanza tangu nianguke.

"Mimi. Damu yake ilijaa kwenye gari langu."

"Basi dole hili zima liliwekwa lini?"

"Januari. Zote ziliwekwa Januari."

"Zote zipi?"

"Za watu wote kumi na wanne. Ziko kabatini, droo ya chini."

Yule wa tai alimvuta koti ili akae. Hakukaa.

Baraza limeandika kwamba niliumia kazini. Bima imenikubali, upasuaji ni tarehe mbili Septemba, na fidia yangu watapima baada ya mfupa kushika. Leo wamekwenda kuifungua ile droo.

Baba Teófilo amefukuzwa palepale. Alinisukuma kwenye kiti mpaka nje. Barabarani akaniuliza kama Siku ya Wafu anaweza kufika Santa Rita, kaburi la mama yake liko huko. Nikamwambia kijiji si changu, nitamuuliza bibi.

Mjukuu wako,
Abundio

*

Santa Rita Ocotal
20 Oktoba 1997

Abundio mjukuu wangu,

Hujambo, na nyonga yako haijambo? Goti langu linaisalimia. Nguruwe sita wamekuwa wakubwa, mmoja hana maisha marefu tena, atakuwa chunguni ukifika.

Don Chema ameniambia amekuona ukitembea kituoni kwa fimbo moja. Nikamwambia anionyeshe. Mwanamume mzima akatembea mbele ya duka la Hermelinda akichechemea kama wewe, kwenda na kurudi, watu wanacheka. Nikamrudisha tena. Nilitaka kuona mguu wa kulia unagusa chini vipi. Anasema unagusa wote.

Njoo tarehe thelathini. Panda basi lake, kaa mbele, usijifanye fundi ukabeba mizigo.

Sasa huyo Teófilo. Nimeliwaza jambo lake muda mrefu, ndiyo maana sikukujibu mapema. Alikuuza, kisha akajitoza mwenyewe. Vyote viwili kavifanya, wala kimoja hakijakifuta kingine. Mwambie aje amwashie mama yake mishumaa. Kwangu mezani haketi mwaka huu. Kiti chake nitakiweka mlangoni, upepo umpige mgongoni.

Lakini sahani yake itakuwa ya moto, na nyama nitamchagulia mimi.

Hermelinda ananiuliza kama huo ndio msamaha. Nimemwambia aandike alichosikia.

Bibi yako,
Basilisa

Dole langu hili hapa chini. Litazame vizuri.