Mwanakombo wa Ruaruke

Kwa mama yangu mzazi, Bi Mwanakombo, Pangani.

Shikamoo mama. Najua umeshaitika kabla mwalimu hajamaliza kukusomea mstari huu. Goti lako waonaje? Au bado wapanda darini kufuata nazi, na nilikukataza? Mimi mzima wa afya. Nimekonda kidogo, lakini nacheka, na chakula nikikipata nakila.

Habari za vita vya Majimaji mtakuwa mmezisikia huko, zikiwa zimetiwa chumvi njiani. Huku kwenye mikoko hatujapigwa, ila vyombo vya kuchukua boriti haviji tena, na tajiri ametuambia tutawanyike. Wenzangu walikaa wakilalama. Mimi nikaona ndio wasaa wa lile jambo lililonileta Rufiji. Nilikudanganya mama, nisamehe. Sikufuata boriti. Nilikuja kumtafuta baba.

Nilichoka kukusikia ukimjibu Mzee Faraji fundi viatu, kila akileta posa, kwamba wewe ni mke wa mtu. Ulikuwa na mimba yangu ya miezi minne baba alipoaga kwenda kuwaleta wazee wake, na tangu hapo hujui kama wewe ni mjane au umetupwa. Mtaani walikwisha kuamua: kakukimbia. Nilitaka kujua, hata kama jibu lingeniuma.

Zaidi ya kujua kuwa kwao ni Rufiji, nilikuwa na mambo mawili tu: jina la Salimu, na ule mwiko ulionilea nao, kwamba kwa baba hawali kambale. Akina Salimu huku ni wengi kuliko mbu. Pale Bungu mzee mmoja alinikumbatia, akalia, akaita majirani waje wamwone mwanawe. Nami nikalia. Kisha chakula kikaletwa, na baba yangu huyo akaanza na kichwa cha kambale. Nilipomuuliza Pangani iko wapi, akaonyesha kusini. Maskini, shamba lake la mpunga linaliwa na nguruwe, alitaka mtu wa kulinda naye. Nilimlindia siku tatu, nikaaga.

Kibiti waliniambia kuna Salimu mwingine Ngarambe, lakini njia ya huko haipitiki kwa vita. Wakanishauri niende Ruaruke, ambako watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto wamejenga vibanda. Nilifikia kwa imamu wao. Mchana mkewe akatuwekea wali na kambale wa kukausha. Nikaomba radhi, nikaanza kula wali mkavu. Bibi mmoja aliyekuwa akitwanga mpunga uani akasimamisha mchi.

"Kambale kakukosa nini, mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia baba yangu hakuwa akimla. Akasogea karibu. "Baba'ko nani?"

"Salimu. Alimwoa mama yangu Pangani. Mimi simjui."

Bibi akageuka akaita kwa sauti, "Mwanakombo, njoo!"

Mama, nilisimama. Nilidhani ni wewe umekuja, sijui kwa miujiza gani. Akatoka mwanamke wa rika langu, mtoto mgongoni, unga mikononi. Jina hilo huku hakuna mwingine aliye nalo.

Yule bibi ni shangazi yangu, Bi Tatu, dada yake baba. Alinikalisha akanieleza yote. Baba alifika kwao salama, akakusanya wazee waje Pangani kukuona. Wiki hiyohiyo mke wa mdogo wake akajifungua, na kwa jinsi baba alivyokuwa akikusifu, wakampa mtoto jina lako, ndiye huyu aliyeitwa. Kabla mwezi haujaisha ndui ikamchukua baba. Kwao ni wakulima, bahari hawajaiona, nao hawakujua wamtume nani Pangani. Lakini kila hitima wanakuombea wewe na mtoto uliyekuwa naye tumboni.

Hakukukimbia, mama. Niliandika hapo nikaacha kalamu nikalia, nawe lia, kisha nawa uso usikilize yaliyobaki.

Hapa mwalimu na ashushe sauti. Nilimuuliza imamu habari ya eda. Akasema huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya kupata habari, na ya mwenye mimba humalizika akijifungua. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekutoa eda siku niliyozaliwa, na miaka yote hii ulikuwa huru pasipo kujua. Mzee Faraji asirudishwe tena, isipokuwa kama humtaki mwenyewe.

Njia ikitulia nitakuja na baba mdogo, aliyemzika baba, atoe ushahidi mbele ya kadhi. Shangazi kaniagiza nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie wifi yangu hakuachwa. Na aolewe sisi tukiwa na habari, mchele wa harusi tutaleta sisi."

Nisalimie mjomba, na nyanya aliyeniuguza, na dada yangu wa kunyonya naye mwambie amepata dada wengi, ajiandae kwa maneno yao. Mzee Faraji mpe salamu zangu za heshima, nawe usijifanye umesahau kuzifikisha.

Nakuaga huku shangazi akinisimamia, ananitajia mababu mmoja mmoja niwaandike, nami kwa mara ya kwanza naweza kutia jina langu lote.

Mwanao akupendaye,
Athumani bin Salimu bin Mbwana bin Shomari