Chaki Mfukoni

Jumanne, 9 Julai 2024

Daktari amekuja asubuhi. Ameusikiliza moyo, akakunja vifaa vyake polepole, akasema nile chochote ninachokipenda. Nimefundisha shule miaka thelathini na minane. Alama za huruma nazijua.

Mchana akapanda Incoronata Lacapra. Nilimsikia tangu chini — hufika ghorofa ya pili, akasimama kuhema, ndipo akamalizia. Naye ana miaka sitini na tisa! Mwaka huu ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe ya mtaa. Anasema wakazi wamekubaliana: Jumapili ya tarehe ishirini na moja, Mwalimu Ottavia ndiye aandike namba ya kwanza. Heshima ya mkongwe. Ameniwekea kipande cha chaki mezani. Kipya.

Alipoondoka nikakifunika kwa kikombe.

Alhamisi, 11 Julai

Viorica, anayenihudumia, kauliza kwa nini siruhusu kikombe kile kiguswe. Nikamwambia kuna mdudu. Akasema, “Bibi, mdudu gani anakaa siku mbili bila kula?” Huyu mama wa Romania haachi kitu kipite.

Padri nimekuwa nikimwambia nusu. Mara zote nusu. “Niliwahi kumwonea jirani.” Ananipa sala tatu, narudi nyumbani.

Jumapili, 14 Julai

Leo nguvu zipo. Niandike yote.

Kanuni ya mtaa wetu ni moja, na haijabadilika: pasipo namba, hapana meza. Alfajiri ya sherehe katibu huandika namba za nyumba kwa chaki juu ya mawe. Kila nyumba hushusha meza yake, huiweka kwenye namba yake, meza zikagusana hadi mtaa mzima ukawa meza moja. Pengo haliachwi. Pengo likiachwa, wazee walisema, mwaka hauishi bila jeneza.

Mwaka 1963 katibu nilikuwa mimi. Miaka ishirini na tisa, mwalimu, binti wa nyumba namba nane.

Namba tisa, chini, palipokuwa ghala la makaa, waliishi akina Lacapra. Vito alifanya kazi kiwandani. Mkewe Donata alikuwa mpole, na Kiitaliano chake kilikuwa cha kusini kabisa. Sisi watu wa Torino, wa kaskazini, tulijifanya hatukielewi. Mtaani walisemwa kwamba wanapanda nyanya kwenye beseni la kuogea. Mimi niliingia kwao. Hawakuwa hata na beseni.

Mwaka uliotangulia ndipo walipoketi nasi mara ya kwanza. Donata alileta bilinganya za kujaza. Ziliisha kabla kengele ya saa saba haijalia. Watu walifuta sufuria kwa mkate. Pichi za kuoka za mama yangu, matunda yaliyojazwa biskuti za lozi na kakao, ambazo mtaa ulizisifu tangu kabla ya vita, zilirudi nyumbani zimejaa nzi. Mama alizimwaga mwenyewe. Akasema, “Tumekuwa wageni mlangoni kwetu.”

Ni hilo tu. Laiti kungekuwa na sababu kubwa zaidi. Pichi!

Alfajiri ile niliandika namba zote. Kisha nikarudi na kitambaa chenye maji, nikapiga magoti, nikaifuta tisa. Mwezi Mei nilikuwa nimewaandikisha wanafunzi wangu darasani kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria. Incoronata, binti wa Donata, mwenye miaka minane, ndiye aliyeandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Meza ziliposhushwa, pengo likaonekana kati ya nane na kumi. Hakuna aliyeuliza. Mama na mimi tuliivuta ya kwetu, wa namba kumi wakaivuta ya kwao, zikagusana. Ndipo Vito na Donata wakatoka na meza yao. Incoronata nyuma, sufuria ya bilinganya mikononi. Donata akatazama mawe. Akauliza, “Yetu iko wapi?”

Watu wote wakayatazama mawe, kana kwamba mawe ndiyo yangejibu. Chaki ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Niliishika. Ilikuwa imeanza kuloa jasho.

Wakairudisha meza. Mguu mmoja ulikwama mlangoni, na Donata akacheka, kwa ajili ya mtoto. Mtoto hakucheka. Hakuitua ile sufuria.

Hawakuketi nasi tena. Kila Julai Donata alifunga madirisha, hadi mwaka aliokufa.

Jumatano, 17 Julai

Incoronata amekuja na bahasha. Kamati itatundika picha za zamani kwenye kamba za nguo, kutoka dirisha hadi dirisha. Amepata moja yangu, akafurahi kama amepata dhahabu. Marehemu mwenye duka la dawa aliipiga kutoka juu, kwenye roshani yake.

Ni mimi. Nimepiga magoti juu ya mawe, kitambaa mkononi. Mwanga wa alfajiri. Uso hauonekani, ila msuko wa nywele ni wangu, na aproni ni yangu.

Chini yake ameandika: “Mwalimu Ottavia akiusafisha mtaa kwa ajili yetu sote, 1963.”

Akasema mwaka ule kwao ulikuwa mbaya, lakini kuona kwamba kulikuwa na mtu kama mimi kumemfariji. Nikaomba maji. Alinishikia glasi.

Ijumaa, 19 Julai

Nilimwita Incoronata ili nimwambie. Nikaanzia mbali — nikamtaja Gepin, fundi viatu, aliyekuwa akimwagia mtaa maji kila asubuhi ya sherehe.

Akasema, ndiyo, Gepin, yule aliyefuta namba yao kwa ndoo yake, kwa ulevi. Ndivyo mtaa ulivyosema. Gepin alikana wiki nzima. Walimtoa kwenye kamati, na watoto wakamwita Ndoo mpaka akahama. Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile. Niliandika kumbukumbu za kikao.

“Mama alimsamehe,” Incoronata akasema. “Kabla ya kufa alisema mlevi si mtu mbaya, ni mtu asiyeona.”

Nikasema mama yako alikuwa mtu mwema. Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyasema. Miaka tisini, na ulimi bado uko mfukoni.

Jumamosi, 20 Julai

Viorica ameoka pichi kwa maelekezo yangu. Sahani kubwa. Anasema, “Bibi, usife kabla ya kesho, mimi siwezi kuzila zote.”

Nimeuangalia mkono wangu. Ule ule.

Jumapili, 21 Julai

Mchana. Niandike haraka.

Asubuhi wanakamati wawili walinishusha kwa kiti cha magurudumu. Picha ilining'inia kwa vibanio juu ya vichwa vya watu, mwandiko wake ukisomeka kutoka mbali. Watu walipiga makofi. Nikasema nianzie namba tisa. Incoronata akasukuma kiti, akachuchumaa, akaushika mkono wangu wenye chaki ili aushushe hadi kwenye jiwe.

Nikasema, kwake tu: “Picha ile, sikuwa nasafisha. Nilikuwa naifuta namba yenu.”

Mkono wake haukuondoka. Ulibaki, ila uzito ulibadilika.

“Na Gepin?”

“Gepin hakumwaga hata tone.”

Hakuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kusema habari ya pichi, hakuuliza. Alichukua chaki vidoleni mwangu, akaitia mfukoni mwake, akawaambia wale wawili Mwalimu amechoka, wampandishe. Alinifunika magoti kwa shuka. Afadhali angenipiga.

Tangu hapo niko dirishani. Picha imeshushwa, vibanio viwili vimebaki kwenye kamba. Meza zimetoka. Naona sita, saba. Naona kumi, kumi na moja. Tisa imeandikwa — kwa mkono wake, tumbo la tisa likiwa duara kama nilivyomfundisha. Hakuna aliyeweka meza juu yake. Nane sijui kama imeandikwa. Roshani ya chini yangu inanizuia. Viorica alikwenda kuangalia, hajarudi.

Meza hazijavutwa kuliziba pengo. Watu wamesimama wanalitazama.

Meza yetu ya nane ipo hapa, ile ile ya mama. Hajaja mtu kuichukua.

Kuna hatua kwenye ngazi. Si Viorica, yeye huburuta kandambili. Zimefika ghorofa ya pili. Zimesimama. Anahema.

Mtu mmoja tu. Meza hii hubebwa na wawili. Hata hivyo sahani ya pichi nimeihamishia kitandani, na meza iko tupu.