Mtarakwa wa Jangwani

Jumatano, 5 Septemba 2007

Nilimpoteza mume wangu Jumapili, tarehe 4 Machi. Hakufa — Elkanah alienda Nevada kutunza mitambo ya kupima mvua juu ya mlima. Mvua! Jangwani! Mkataba wa miezi sita, umeisha jana. Leo kapiga: wanataka kumwongezea hadi Juni, awajibu Jumatatu ya tarehe 17. Eti mimi naonaje. Mimi niliyeanza kwa kuogesha wazee wa watu, leo nina wafanyakazi tisa wa kazi hiyo hiyo na nyumba hapa Adelphi, mashariki mwa Marekani — naona kitanda ni kikubwa.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia bima ya gari imepanda.

Jumamosi, 8 Septemba

Nimenunua ramani ya huo mlima, nimeibandika kwa friji. Bonde futi 5,800, kilele 11,900. Tofauti 6,100, karibu mita 1,860. Yaani chini ukitoa jasho, juu baridi inazidi kwa nyuzi kumi na mbili. Mawingu hutoka baharini, humwaga yote kwa milima ya California, humfikia yeye mikono mitupu. Chini vichaka vya kijivu, katikati msitu, juu mawe tu.

Rosemary wa jirani, Mchaga asiye na breki, kaiangalia akacheka: “Shosti, mumeo kaolewa na mlima! Tena mlima wenyewe hata Kibo haufikii!” Nimecheka. Halafu nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Alhamisi, 13 Septemba

Bahasha kutoka kwake. Nikadhani ni karatasi za ushuru. Kitawi tu, kikavu, na vijitunda vya samawati. Nikakifikicha —

Mtarakwa! Harufu ya mti wa kwetu, jikoni kwangu! Nguzo za nyumba ya mama yake, kule juu Elgeyo. Nilikopanda na kapu la mapapai kutoka bonde la Kerio, joto lote limeniishia njiani, nikitetemeka, naye Elkanah akanipa koti lake kabla hata ya kuniuliza jina.

Nyuma ya bahasha kaandika: Unamea kuanzia futi elfu sita. Harufu ni ile ile. Nimekosa wa kumwonyesha.

Na mimi miezi sita nadhani amenikimbia.

Jumamosi, 15 Septemba

Amepiga. Nikamwambia kitawi kimefika. Upepo unavuma kwenye simu. Kisha: “Jepkosgei, huku ni kama kwetu.” Mbona hukusema? nikamuuliza. “Ulikuwa kwa bima ya gari.”

Nikacheka, nikalia kidogo. Halafu akaanza: tutaona, labda Krismasi...

Hapana! Nikamwambia hivi. Wazee ninaowatunza Rosemary atawasimamia, tumeshaongea. Kesho unipigie, saa kumi na mbili jioni kwangu, tisa alasiri kwako. Simu yako hushika begani mwa mlima tu — futi 1,400 juu ya kibanda chako, na kwa hayo magoti yako ni masaa mawili. Basi saa saba uwe njiani. Vaa sweta ya kijani, huko juu ni baridi. “Tutaona” sipokei. Neno moja, Elkanah: unarudi, au nije?