Bastola Haiingii kwa Mkwe

Baba, shikamoo.

Nimezoea marahaba yako inayokuja kabla sijamaliza neno. Hapa nimesubiri kidogo, kisha nimeendelea kuandika.

Nimepanda cheo, Baba. Luteni Kanali! Nimeitwa kwenye ghala la silaha, nikasaini, nikakabidhiwa bastola kwa jina langu. Ungeicheka. Nyepesi, mpini wa plastiki, kama kitu cha kuchezea watoto. Ile yako ilikuwa chuma kitupu, ukivua mkanda meza inalia. Kule kota ulikuwa unaisafisha mwenyewe kila jioni, Mama akilalamika kuhusu mafuta kwenye kitambaa chake cha meza, nawe unajifanya husikii.

Sasa habari zenyewe. Mwanao Paskali ametuaibisha. Tangu tukuzike hapa kijijini Daudi, alijiona ndiye mwenye mji. Siku moja, pombe kichwani, akamtukana mkewe mbele ya wageni, akasema eti hata wazazi wa mkewe wananuka ng'ombe. Yeye aliyekuzwa na maziwa! Mke wake akafunga nguo zake akarudi kwao Gendabi. Watoto wakawa wanalala na viatu, ili mama yao akija wamkimbilie.

Alitakiwa mtu wa kwenda kusema kwa niaba yetu. Baba mdogo miguu imekataa, Paskali hana uso wa kwenda. Wakanitazama mimi. Nilikuwa na safari ya kikazi kuelekea Singida, nikaomba ruhusa nipitie huko, bastola kiunoni.

Mlangoni kwa mkwe wako, mzee wa Gendabi, nilikuta mikuki na fimbo zimeegemezwa ukutani kama siku zote. Mgeni haingii na silaha kwa watu. Na jeshi nalo halitaki uiache yako, hata kwa dereva. Nikasimama pale nikakukumbuka.

Siku ile ya kumposea Paskali na wewe ulikuwa umepitia kikazi. Nilikuwepo, nimebeba asali. Wazee wote waliingia. Wewe ukaomba kigoda ukakaa nje karibu na mikuki, na cheo chako chote cha kanali, upepo unakumwagia vumbi. Ndani wakadhani unawadharau. Mjomba akatoka kukuvuta shati, ukamwambia: "Nikiingia nayo nimemkosea mwenye nyumba. Nikiiacha nimelikosea jeshi. Nitaposa kutokea hapa." Mkwe wako alipoyasikia hayo alitoka na kigoda chake, wengine nyuma yake, na posa ikazungumzwa uani. Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe siku ile.

Basi na mimi nikaomba kigoda. Nikakaa pale pale. Manyunyu yakaanza, sikuondoka. Niliogopa, Baba, nisikufiche. Wangeweza kuniacha pale mpaka jioni, nikarudi kwa wale watoto bila mama yao.

Kisha nikasikia mkongojo. Mzee amechoka sana sasa, macho hayaoni vizuri. Akapapasa ukuta, akaigusa mikuki, akauliza ni nani amekaa hapo na kwa nini haingii. Nikamwamkia, nikamweleza kuhusu bastola, nikataja jina lako. Halafu akaagiza kigoda chake, akaketi ubavuni kwangu kwenye manyunyu yale yale, akasema: "Kanali amerudi."

Nililia, Baba. Afisa mzima, na magwanda yangu.

Nikaomba radhi. Akajibu kwamba Paskali aje mwenyewe, na aje bila harufu ya pombe. Jumapili akaenda, akapiga magoti, akarudi na mkewe. Watoto siku hizi wanavua viatu wakilala.

Wakati naaga, mzee alinikumbusha siku uliyostaafu. Ulikabidhi bastola ghalani, ukapanda basi, na badala ya kuja nyumbani ukateremka Katesh ukaenda Gendabi. Ulitaka kuingia ndani tu. Ukanywa maziwa, ukakaa mpaka ukasinzia, na Mama alikununia kwa sababu chakula kilipoa.

Lala salama, Baba yangu. Hii ya kwangu nitaitunza kama ulivyoitunza yako, na siku nitakayoirudisha nitapitia Gendabi kwanza. Mzee ameahidi kunisubiri ndani. Lakini amechoka, nimemwona. Akinitangulia kuja huko, mkaribishe ndani.

Binti yako,
Martina