Ndege Asiye na Kichwa

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Kwako Baba Anifa,

Picha ya hiyo sakafu iliyochorwa kwa vijiwe, ya sinagogi la kale mnayoikarabati huko Galilaya imefika. Nimewaonyesha mafundi vigae wenzako hapa Kariakoo, wakabishana weee. Goodluck anasema vijiwe vidogo vile vitakupofua. Makomamanga yamependeza, na yule simba anacheka kama mjomba wako. Nilipokuuliza kwa nini ndege mmoja hana kichwa, ulinijibu kwa ujumbe kwamba vijiwe vikishapotea hamuweki vingine. Mnapaka chokaa tupu, ili kila mtu ajue palikuwa na kitu.

Hapa mvua imezidi, Msimbazi yote tope. Mama amehamia kwangu.

Viatu vya Anifa usinunue. Kwenye simu nimeshindwa kulisema, kila ukipiga nakata nasingizia mtandao. Ilikuwa homa, Baba Anifa. Tulimkimbiza hospitali, hakuamka. Tumemzika Ijumaa, mwanetu wa pekee.

Mama anataka nigawe nguo zake, niondoe na kile kigodoro ili chumba kiwe na nafasi. Majirani nao wameanza kuniita Hajira, jina langu la kuzaliwa, badala ya Mama Anifa, wakidhani wananipunguzia uchungu. Nimewakatalia wote. Kigodoro kiko palepale, na anayeniita Hajira siitiki.

Na wewe ukirudi, usije ukaniambia tutapata mwingine. Mwenyewe ulisema hamuweki vingine.

Mkeo,
Mama Anifa