Mwantumu, dawa ya ganzi na pilau la maulidi

Zamda, uko wapi? Mwantumu katuua kwa chumvi.

Asubuhi kajipaka dawa ya ganzi gotini kwa kiganja kizima, kama mafuta. Hakunawa. Kaja kupika pilau la maulidi hapa Kwamndolwa, anadondosha mchuzi kiganjani, analamba, anaongeza chumvi. Analamba tena, anaongeza.

Mpishi wetu tangu kijiji cha ujamaa, Zamda. Tangu kijiji cha ujamaa.

Pilau limeshapakuliwa ndiyo anasema, "Mbona ulimi siusikii?"

Raheli, yule nesi jirani, kamwambia, "Bibi, hii dawa ya goti unapaka kidogo, unanawa mikono. Sasa usile kitu mpaka ganzi iishe, utapaliwa."

Shehe kamaliza dumu la maji. Sisi tumekula tukimsifia Mwantumu. Mwenyewe katukodolea macho, hajala hata tonge.